Kiwengwa, Maskati, meli au Ujerumani: mafunzo yapi yatakuvusha?

Mtoto wa kaka yangu alikuja kwangu Mwanakwerekwe Jumapili na barua mbili katika bahasha moja. Ana miaka 24, kwao Wete, na huu ni mwaka wake wa tatu katika hausikipingi ya hoteli moja ya Kiwengwa. Barua ya kwanza ni ya mwajiri wake: mafunzo ya miezi sita ya usimamizi wa vyumba, hoteli inalipa, kwa sharti la kubaki miaka miwili baada ya kumaliza. Ya pili ni ya wakala: kazi ya vyumba Maskati, mshahara mkubwa kuliko anaoupata sasa, tiketi na malazi juu ya mwajiri. "Ami," akaniambia, "wewe ulikwenda ukarudi. Nichukue ipi?"

Nilikwenda, ni kweli. Nilifanya kazi ya mezani Nungwi miaka sita, kisha nikaenda Maskati miaka minne. Nungwi nilifundishwa na watu waliojua kazi: mpishi mkuu aliyetusimamisha kila asubuhi kutueleza kilichomo ndani ya kila sahani, na meneja aliyetufanyisha mazoezi ya kupokea wageni mpaka tukaota usiku. Nilipofika Maskati, meneja mpya aliuliza swali moja: karatasi iko wapi? Nilikuwa na barua ya mistari mitatu inayosema nilikuwa mfanyakazi mwaminifu. Nikaanzishwa chini, sambamba na vijana ambao hawajawahi kubeba sinia. Miaka sita yangu ilibaki Nungwi.

Kwa hiyo sikumuuliza mtoto wetu ni wapi kuna pesa zaidi. Hilo analijua, limeandikwa kwenye barua. Nilimuuliza: mafunzo utakayopata pale yatasomeka wapi siku ukitaka kuhama tena? Hapa ninaziweka njia alizokuja nazo, na mbili ambazo hazikuwamo ndani ya bahasha, kwa ajili yake na kwa wengine wanaokaa na barua kama zile.

Barua ya Kiwengwa

Mafunzo ya hoteli yana jambo moja ambalo chuo hakiwezi kukupa: unajifunza kwa mgeni halisi mwenye hasira halisi, huku mshahara unaingia. Huachi kazi, huuzi shamba la mikarafuu la mzee kulipa ada. Mara nyingi hoteli huyapanga wakati wa masika, Aprili na Mei, vyumba vikiwa vitupu. Ni wakati mzuri, lakini uliza kama miezi hiyo utalipwa mshahara mzima, maana hoteli nyingi za shamba hupunguza watu masika.

Udhaifu wake ni kwamba thamani ya mafunzo hayo inategemea jina lililo juu ya cheti. Hoteli zenye matawi duniani, kama Park Hyatt ya Shangani, Meliá ya Kiwengwa au Riu ya Nungwi, zina ndugu zake katika nchi nyingine, na mafunzo ya ndugu mmoja yanaeleweka kwa mwenzake. Mtu aliyefundishwa humo anaweza kuomba uhamisho wa ndani, na huko mbele hatalazimika kueleza upya anajua nini. Hoteli ya mwenyewe mmoja, hata ikifundisha vizuri zaidi, cheti chake kinajulikana kuanzia Nungwi mpaka Makunduchi, na baada ya hapo ni karatasi yenye picha ya mnazi. Hoteli ya mtoto wetu ni ya aina hii ya pili.

Dawa ipo. Elimu uliyoipata mikononi inaweza kupimwa na kupewa cheti cha kitaifa. Bara, VETA, mamlaka ya ufundi stadi, wana utaratibu wa urasimishaji ujuzi kwa waliojifunza kazi nje ya chuo. Kwetu mlango wa kugonga ni wa Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, yenye vituo kama Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji kule Pemba. Anayeweza kurudi darasani, SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, wanafundisha utalii pale Maruhubi. Upo pia uanagenzi wa hoteli, ambao Shirika la Kazi Duniani limeusaidia Tanzania, Zanzibar ikiwemo: mwanagenzi anagawa muda wake baina ya darasa na hoteli, na mwisho anatoka na cheti kisicho cha hoteli moja. Kama mwajiri anataka kukufundisha, muombe mafunzo hayo yaishie kwenye mtihani wa nje. Kwake ni gharama ndogo. Kwako wewe ni tofauti ya mafunzo yanayobaki Kiwengwa na yale yanayopanda ndege.

Sasa lile sharti la miaka miwili. Nimeona vijana wakilitia saini kama wanavyotia saini karatasi ya kupokea sare. Sharti lenyewe si dhuluma, maana anayelipia mafunzo ana haki ya kutaka faida yake. Dhuluma iko kwenye yasiyoandikwa. Yafanye yaandikwe. Kwanza, kiasi: mafunzo haya yamegharimu shilingi ngapi, kwa tarakimu. Pili, deni lipungue kila mwezi unaofanya kazi, ili ukiondoka umebakisha miezi mitatu usidaiwe kama uliyeondoka siku ya pili. Tatu, hoteli ikikupunguza yenyewe, masika au wakati wowote, deni lote lifutike. Nne, cheti ukabidhiwe siku unayomaliza mafunzo, kisifungiwe kabatini mpaka miaka miwili ipite. Hili la nne wengi hawalifikirii. Rafiki yangu mmoja alikaa miezi minane akifuatilia cheti chake katika ofisi ya mwajiri wa zamani, na kazi aliyokuwa akikiombea ikachukuliwa na mwengine.

Ukitaka kusoma sheria inayokuhusu, Zanzibar ina Sheria ya Ajira yake, namba 11 ya mwaka 2005. Ile ya Bara ni nyengine. Ukihamia Arusha au Serengeti, hata kama hujavuka mpaka wa nchi, umeingia chini ya sheria nyengine na mfuko mwengine wa hifadhi ya jamii, kwa hiyo chukua taarifa ya michango yako ZSSF, mfuko wa Zanzibar, kabla ya kupanda boti.

Barua ya Maskati

Nianze na lililo jema, kwa sababu lipo. Mzanzibari haendi Maskati kama mgeni kabisa. Utasikia Kiswahili sokoni, utapata futari, na pengine una shangazi ambaye hujapata kumuona. Pesa inaonekana tangu mwezi wa kwanza. Nyumba ya wazee wangu Wete ilipauliwa upya kwa kazi yangu ya mezani, na siwezi kumwambia mtu kwamba hilo ni dogo.

Lakini kwa upande wa mafunzo, elewa unaingia wapi. Tangu mwaka 1988 Oman ina sera ya kuwapa raia wake kazi kwanza, na zipo kazi ambazo mgeni haruhusiwi kuzishika. Ni haki yao, nchi ni yao. Maana yake kwako ni kwamba juu ya ngazi kuna dari, na ukiwa chini huioni. Kozi za usimamizi, zinapokuja, mara nyingi huandaliwa kwa ajili ya raia atakayekuwa msimamizi wako. Wewe unafundishwa kazi unayoifanya leo, vizuri sana pengine, ili uifanye tena kesho.

Kubadilisha kazi nako kuna kamba yake. Kadi yako ya ukaazi imefungwa kwenye kazi uliyoingilia na kwa mwajiri wako. Zamani zetu ulihitaji barua ya mwajiri kukuruhusu kwenda kwa mwengine. Kuanzia Januari 2021 Oman iliondoa sharti hilo kwa aliyemaliza mkataba wake. Qatar iliondoa mwaka 2020, na tangu Machi 2021 ina kima cha chini cha riyali 1,000 kwa mwezi kwa wote, wa nyumbani wakiwemo. Ni mabadiliko makubwa, aliyefika kabla yake atakwambia. Bado, kuhama kutoka kusafisha vyumba hadi, tuseme, kazi ya hesabu, ni kuanza safari upya.

Na hapa nasema na wasichana hasa, na wazazi wao. Barua inaposema hoteli, hakikisha viza nayo inasema hoteli. Mtafute mtu anayesoma Kiarabu, si lazima awe mwanasheria, hata mwalimu wa chuoni anatosha, akusomee kazi iliyoandikwa kwenye viza kabla hujaondoka. Kazi za nyumbani kwa muda mrefu zimekuwa na kanuni zake, mbali na sheria ya kazi inayomlinda wa hotelini. Msichana aliyeahidiwa hoteli akajikuta jikoni kwa familia ya watu kumi na mbili hakupoteza mshahara tu, amepoteza na miaka ya fani yake. Wakala awe amesajiliwa, na mkataba upitie Kamisheni ya Kazi. Anayekuharakisha usipite huko, mwachie tiketi yake.

Zisizokuwamo ndani ya bahasha: meli

Wazee wetu walivuka bahari kabla ya sisi kusikia neno mafunzo, na hadi leo kazi ya bahari ndiyo fani ambayo karatasi yake inasomeka kila bandari. Sababu ni mkataba wa kimataifa unaoitwa STCW, wa mwaka 1978, uliorekebishwa sana 1995 na tena 2010 kule Manila. Umeweka kiwango kimoja cha mafunzo ya mabaharia. Kozi ya usalama ya msingi, yaani kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza na usalama wa mtu na wenzake, ni ile ile kimsingi ukiisoma Dar es Salaam kwenye Chuo cha Bahari, DMI, au Mumbai au Rotterdam. Vipengele vya kujiokoa na kuzima moto vinataka uthibitisho mpya kila miaka mitano.

Kitu ninachokipenda zaidi ni kitabu cha baharia. Kila safari inaandikwa: meli gani, cheo gani, umepanda tarehe gani, umeshuka lini, na inagongwa muhuri. Baharia hana haja ya kusimulia maisha yake kwa meneja mpya. Anafungua kitabu. Nilipokiona mara ya kwanza kwa jirani yangu, nilikumbuka barua yangu ya mistari mitatu, nikasikitika kweli.

Na usidhani meli ni ya manahodha na mafundi wa injini tu. Meli za kitalii zina vyumba vya kusafishwa, meza za kuandaliwa na majiko. Mtu wa hausikipingi wa Kiwengwa akiongeza kozi ile ya usalama na cheti cha afya cha baharia, ujuzi wake wa hoteli unahamia majini bila kupotea. Mikataba ni ya miezi kadhaa, kisha unarudi nyumbani. Ni kazi ya masaa mengi na hakuna Ijumaa. Anayenyonyesha au anayeuguza mzazi haimfai.

Moja lazima ulijue: chini ya mkataba wa kazi za baharini wa mwaka 2006, baharia hatozwi pesa ya kutafutiwa kazi. Utalipia pasipoti, kitabu chako na uchunguzi wa afya. Anayekudai mamilioni ili "akuunge" na meli anakwenda kinyume na mkataba huo, na mara nyingi hana meli.

Na Ujerumani

Hii ni ngumu kuliko zote kuingia, na kwa mafunzo ndiyo tajiri kuliko zote. Wajerumani wana uanagenzi wanaouita Ausbildung. Unafunga mkataba na mwajiri, siku kadhaa za wiki uko kazini, siku nyengine uko skuli ya ufundi, kwa miaka miwili hadi mitatu na nusu kutegemea fani. Kazi ya hoteli ni miaka mitatu. Uuguzi ni miaka mitatu pia, saa 2,100 za darasani na 2,500 za kazini. Unalipwa tangu mwezi wa kwanza: kwa fani nyingi sheria imeweka kima cha chini cha mwaka wa kwanza, euro 649 kwa walioanza 2024 na 682 kwa walioanza 2025, na kinapanda kila mwaka wa mafunzo. Kwa maisha ya kule hizo ni pesa za kujibana. Usimuahidi mama kumjengea kwa posho ya mwanagenzi. Na ikiwa posho haitoshi kukidhi masharti ya viza, ubalozi utataka uoneshe fedha za nyongeza.

Mwishoni mtihani hautungwi na mwajiri wako, unatungwa na kusimamiwa nje ya kampuni, kwa hoteli ni chemba ya biashara na viwanda. Ndiyo maana cheti kinasomeka nchi nzima. Kila mwanagenzi anatakiwa kuweka daftari la mafunzo, anaandika alichojifunza na mkufunzi anatia saini, na bila daftari hilo haruhusiwi kufanya mtihani. Umeona? Ni kitabu cha baharia cha nchi kavu. Ukifaulu unaweza kuomba kibali cha kufanya kazi uliyosomea, na baada ya miaka miwili ya kazi hiyo unaweza kuomba ukaazi wa kudumu.

Kizuizi ni lugha. Kwa kawaida wanataka Kijerumani cha kiwango cha B1, yaani cha kati, na kwa uuguzi B2, kilicho juu yake. Kutoka sifuri hadi B1 ni mwaka wa kusoma kwa dhati, si wa kusikiliza simu ukiwa kwenye daladala. Goethe-Institut, taasisi inayofundisha Kijerumani, iko Dar es Salaam. Kijana wa Paje au Kiwengwa aliyeokota Kitaliano ufukweni anajua tayari kwamba lugha inajifunzika, ila huku hakuna kuokota, kuna mtihani wa kuandika.

Ukitaka kubadilisha fani kabisa

Hapa njia hizi zinaachana sana, na ndipo watu wengi wanapokosea. Mafunzo ya mwajiri wa nyumbani yanakupandisha ngazi ile ile, kutoka msafishaji hadi msimamizi, kutoka weta hadi mkuu wa maweta. Hakuna hoteli itakayokulipia ukawe fundi umeme ili ukaitumikie ZECO, shirika la umeme la Zanzibar. Ghuba inakufunga kwenye kazi iliyoandikwa kwenye kadi. Bahari inakuruhusu kuhama, lakini aliyekuwa sitahani akitaka injini anaanza kuhesabu upya muda wake wa baharini. Ausbildung peke yake haikuulizi ulikuwa nani jana. Inataka cheti cha skuli, lugha na mwajiri aliyekubali kukufunza. Mchumaji karafuu wa Mtambwe anaweza kuanza fani ya umeme sawa na mtoto wa mjini.

Wauguzi wanaosoma hapa, yenu ni mada nyengine, na nitasema machache tu. Fani yenu inavuka kwa usajili, si kwa barua ya hospitali. Ghuba watahakiki vyeti vyenu kwa waliovitoa kisha mtafanya mtihani. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, kwa hiyo kanuni za Uingereza haziruhusu waajiri wake kuja kuwatafuta huku. Mtu mmoja mmoja anaweza kuomba mwenyewe. Wakala anayekwambia ametumwa na hospitali ya London kuja kukusanya wauguzi Mnazi Mmoja, muulize maswali mengi.

Ningemchagulia nini

Kwa mwenye deni linalodai sasa hivi, au mzazi anayesubiri matibabu, ningesema Maskati, baada ya viza kusomwa na vyeti kukusanywa. Sitamhukumu mtu anayetanguliza mkate. Kwa mwenye miaka 19 au 20, cheti cha kidato cha nne na mzazi anayeweza kumlisha mwaka mmoja wa kusoma lugha, Ujerumani, bila kusita. Kwa asiyependa kukaa mahali pamoja na anayeweza kuishi mbali na watu wake, bahari.

Mtoto wetu hadaiwi, na amekwisha fika mwaka wa tatu Kiwengwa. Nikamshauri achukue mafunzo ya hoteli, lakini si kwa barua ile ilivyo. Akiondoka leo kwenda Maskati, ataondoka kama msafishaji na atabaki msafishaji. Akimaliza miezi sita na miaka miwili atakuwa na 26 au 27, msimamizi mwenye cheti, na milango mingine yote mitatu bado iko wazi, ule wa meli ukiwa umepanuka. Kama hoteli itakataa kuandika masharti, basi mizani inabadilika, na ningekaa naye upya.

Hakuridhika mara moja. Akaniuliza, "Na hiyo miaka miwili, Ami, mshahara wa huko si ndio unapotea?" Nikamwambia ndiyo, unapotea, sitakudanganya. Tukachukua kalamu, tukapiga hesabu ya mshahara wa Maskati toa huu wa sasa mara miezi thelathini, na ile namba ilikuwa kubwa. Aliitazama muda mrefu. Kisha akauliza mimi nilipata nyongeza gani katika ile miaka yangu minne, na nikamwambia ukweli, nilipata mara moja.

Tulinunua daftari gumu duka la jirani. Ukurasa wa kwanza ameandika jina la hoteli, tarehe aliyoanza na kazi alizofundishwa: kupanga chumba, kukagua, kuhesabu mashuka, kumpokea mgeni mwenye malalamiko. Pembeni ameacha nafasi ya saini ya msimamizi wake na muhuri. Jibu la hoteli linatakiwa Alhamisi. Jumatano anakwenda na yale masharti manne kwenye karatasi, na daftari mkononi, aone kama msimamizi atakubali kutia saini ukurasa wa kwanza.